Bustani ya Mtoto Imegoma: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Kinachoua mimea mingi ya watoto ni maji. Mtoto akipewa kopo lake la mchicha hulimwagilia asubuhi, akirudi shule hulimwagilia tena, na mgeni akija hulimwagilia mara ya tatu ili aonekane. Kwa hiyo kabla hujatafuta dawa au mbolea, anzieni kwenye udongo. Mwambie mtoto achomeke kidole mpaka pingili ya pili. Kikitoka na udongo ulionata, leo hakuna kumwagilia. Kikitoka kikavu, amwagilie taratibu mpaka maji yaanze kuchuruzika chini ya kopo, kisha aache.

Jambo la pili ni letu sisi wazazi. Mche ukifa, usipande mwingine usiku mtoto akiwa amelala ili asubuhi akute mambo yako sawa. Ung'oeni pamoja, mtikise udongo, mtazame mizizi. Mtoto wa miaka mitano anaona vizuri tofauti ya mzizi mweupe na mzizi wa kahawia unaonuka, na akishaiona mwenyewe hutahitaji tena kumkataza maji.

Mbegu haijaota

Hesabuni siku kwanza. Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, mchicha na kunde huchomoza kati ya siku 3 na 5. Maharage huchukua siku 5 hadi 8, nyanya na bamia wiki moja hadi siku 10, pilipili hoho hata wiki 2, na karoti inaweza kukaribia wiki 3. Arusha, Mbeya au Limuru mwezi wa Julai, ongezeni siku kadhaa. Ndiyo maana mtoto mdogo haanzishwi na karoti wala hoho: uvumilivu wake utakwisha kabla ya mbegu kujitokeza. Mwanzishe na mchicha, ambao ndani ya wiki 3 hadi 4 tayari unachumwa, au matembele, ambayo hayahitaji mbegu kabisa. Kipande cha rando chenye pingili tatu au nne, mbili zikiwa chini ya udongo, kinatosha.

Siku zikipita na juu hakuna kitu, fukueni mbegu moja tu. Mbegu iliyooza na kulainika inasema kwamba maji yalizidi, au chombo hakina matundu. Mbegu iliyo kavu kama ilivyoingia inasema udongo wa juu ulikauka kabla haijashiba maji. Hili huzipata sana mbegu ndogo zilizopandwa juujuu. Funikeni kopo kwa kipande cha gunia chenye unyevu, mkiondoe siku chipukizi la kwanza litakapoonekana, bila kuchelewa hata siku moja. Mbegu iliyochipua ikaishia njiani ilizikwa mno: kina kinachofaa ni mara mbili au tatu ya unene wa mbegu yenyewe. Maharage yanataka sentimita 3 hivi, mchicha nusu sentimita. Kwa kuwa vidole vya watoto humwaga mbegu za mchicha zote mahali pamoja, zichanganye na kiganja cha mchanga mkavu kabla ya kumpa atawanye.

Na msipokuta mbegu yoyote? Sisimizi hubeba mbegu za mchicha, kuku hufukua, na mara nyingine mtoto mwenyewe amekuwa akizitoa kila jioni kuziangalia. Hamu hiyo isizimwe. Mpandie maharage mengine kwenye glasi au chupa angavu iliyokatwa, mbegu zikiwa zimebanwa kati ya ukuta wa glasi na karatasi yenye unyevu. Hiyo ndiyo yake ya kuangalia, na kopo liachwe lifanye kazi.

Maharage ya kwenye glasi nayo yana ugonjwa wake: yanaota ukungu na kunuka. Hutokea pamba au karatasi ikielea majini, kwa sababu mbegu inahitaji hewa sawa na inavyohitaji maji. Loweka maharage usiku mmoja tu, kisha yakae kwenye unyevu, chini ya glasi kukiwa na maji kidogo yasiyoyagusa. Yakishatoa majani mawili halisi, yahamishieni udongoni. Chakula kilichomo ndani ya punje kinakwisha baada ya wiki mbili hivi, na mche ukiachwa kwenye karatasi utafifia hata mfanye nini.

Mbegu za jikoni zina masharti yake. Nyanya na papai zimevaa utando wa ute unaozuia kuota. Za nyanya ziloweke kwenye maji siku 2 au 3 mpaka ute uachie, suuza, anika. Za papai zisugueni na majivu au mchanga. Embe, parachichi na chungwa ni kinyume chake: mbegu zake hufa zikikaushwa, kwa hiyo kokwa lililokaa wiki kadhaa juu ya kabati halitaota. Lipandeni siku ile ile mnapokula. Kokwa la embe likipasuliwa kwa uangalifu na mtu mzima, na mbegu ya ndani ikatolewa, huota haraka zaidi.

Ukinunua mbegu kwenye duka la pembejeo na ukakuta zimepakwa rangi ya waridi, kijani au buluu, hiyo ni dawa ya kuua kuvu au wadudu. Mtu mzima azipande mwenyewe, anawe, na zinazobaki zisikaribie jikoni.

Miche imeota, imeanguka

Jana ilikuwa imesimama, leo imelala, na shina limenywea hasa pale linapogusana na udongo. Hiki ni kinyausi. Vijidudu vya kuvu vinavyoishi udongoni hushambulia miche michanga, na hustawi pakiwa na unyevu mwingi, msongamano na hewa isiyopita. Mche ulioanguka hauponi. Unachookoa ni wenzake: ng'oa walioanguka pamoja na udongo uliowazunguka, acha kumwagilia mpaka juu pakauke, sogeza kopo kwenye mwanga na upepo, punguza msongamano.

Kupunguza miche kunawaliza watoto. Kwa mchicha kuna faraja, kwa sababu inayong'olewa inaliwa. Mpe sufuria ndogo, achume mwenyewe, na jioni mboga hiyo ipikwe hata kama ni kijiko kimoja. Kati ya mche na mche ziachwe sentimita 5 mwanzoni, baadaye 10 hadi 15.

Udongo ulioleta kinyausi usirudishwe kwenye makopo ulivyo. Utandazeni juu ya turubai katika jua kali siku kadhaa, mkiugeuza, au mtu mzima aumwagie maji yanayochemka kisha auache upoe kabisa kabla ya kupanda. Mchanganyiko unaofaa kwa makopo ni sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza vizuri au mboji, na moja ya mchanga. Kwa wakazi wa pwani ambao udongo wao tayari ni mchanga mtupu, acheni mchanga mwongeze mboji.

Miche mirefu, myembamba, imepauka

Inatafuta mwanga. Isogezeni polepole: siku mbili tatu kwenye jua la asubuhi tu, halafu zaidi. Ikitolewa sebuleni ikawekwa ghafla kwenye jua la saa saba, majani yataungua meupe. Mche wa nyanya uliorefuka unaweza kupandwa upya kwa kuzika sehemu kubwa ya shina, nalo litatoa mizizi. Mchicha uliorefuka hivyo ni bora kuuanza upya.

Imenyauka

Swali ni moja: imenyauka saa ngapi? Majani yanayolegea saa saba mchana na kusimama tena magharibi hayana shida, mmea umejikinga na jua. Majani yanayokutwa yamelegea alfajiri yana tatizo. Kidole kikisema udongo ni mkavu, mwagilieni. Kikisema umelowa na bado mmea umelala, mizizi inaoza na kuongeza maji ni kuumaliza.

Hapo geuza chombo ukitazame chini. Ndoo za rangi, makopo ya maziwa na chupa za maji zilizokatwa hupandwa bila matundu kila siku, au matundu yapo lakini kopo limekaa bapa juu ya sakafu likajiziba. Toboa matundu manne au matano, kila moja likipitisha penseli, kisha liinue kwa vipande viwili vya tofali. Kutoboa kwa msumari wa moto ni kazi ya mtu mzima. Ndoo iliyokuwa na rangi ya mafuta au kemikali msipandie mboga hata ikisuguliwa namna gani.

Kopo la bati lililo juani kwenye zege lina balaa jingine, mizizi inachemka ndani. Ukiligusa likakuchoma, lifungeni kitambaa cheupe au gunia, au mlipange nyuma ya makopo mengine ili mwanga uguse majani tu.

Kwa wanaopanda kwenye gunia au kiroba, dalili ya kawaida ni mimea ya juu kustawi na ya ubavuni kukauka. Maji hayafiki kati. Gunia linatakiwa liwe na nguzo ya kokoto katikati, na hujengwa hivi: kopo lisilo na kitako husimamishwa katikati, hujazwa kokoto, udongo huwekwa pembeni yake, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena mpaka gunia lifike juu. Maji humwagwa kwenye kokoto. Kuvuta kopo ni kazi wanayoipenda sana watoto, na watagombea zamu.

Wengi huweka kisahani chini ya kopo ili sakafu isichafuke. Kisahani hicho kimwagwe na kisuguliwe angalau mara moja kwa wiki, bila kukosa. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengi na kuuma mchana, hutaga kwenye maji machache namna hii, na yai lake huwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi siku 10. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Bustani ya mtoto isiwe kitalu cha mbu.

Majani yamekuwa ya njano, au ncha zimeungua

Angalieni ni majani yapi. Yakianza ya chini, ya zamani, na udongo uko sawa, mmea una njaa ya naitrojeni. Ongezeni mboji au samadi iliyooza, kiganja kimoja kwa kopo la lita 5. Mbolea ya chumvichumvi ya dukani siishauri kwa makopo ya watoto, kwa kuwa kijiko kimoja kilichozidi kinatosha kuunguza kila kitu. Samadi mbichi nayo huunguza, na hubeba vijidudu na mayai ya minyoo. Hata ikiwa imeoza, mikono inawe kwa sabuni.

Majani yote yakipauka na udongo ukiwa chepechepe, rudini kwenye matundu. Majani machanga ya juu yakiwa ya njano na mishipa imebaki kijani, mmea haupati chuma. Hili huonekana kwenye udongo wa mawe ya matumbawe, kama sehemu nyingi za Unguja na Pemba, ambako chuma kipo lakini mizizi inashindwa kukichukua. Dawa ni mboji nyingi, au kuleta udongo wa mahali pengine.

Ncha zilizokauka rangi ya kahawia pamoja na unga mweupe juu ya udongo ni chumvi. Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvi, na watu huyatumia kwa kila kitu isipokuwa kunywa. Maharage hayayavumilii kabisa. Mchicha huvumilia kiasi. Kusanyeni maji ya mvua wakati wa masika na vuli kwenye pipa lenye mfuniko, na mara moja moja myamwage mengi ili yaioshe chumvi itoke kwa chini. Ikiwa maji mliyonayo ni ya kisima hicho tu, acheni maharage mbaki na mchicha.

Kuna anayekula kabla yetu

Kuku ndiye adui mkubwa kuliko wadudu wote, na dawa yake ni wavu au uzio wa vijiti. Matawi ya miiba yanafaa shambani lakini si mahali mtoto anapoingiza mkono.

Miche iliyokatwa chini usiku ikalala pembeni imekatwa na sota, kiwavi mnene anayejikunja akiguswa. Fukueni sentimita 2 hadi 3 kuzunguka mche asubuhi, mtamkuta. Kisha kila mche uvisheni pete ya karatasi ngumu au kipande cha chupa, sehemu ikiwa imezikwa.

Vidukari hujazana chini ya majani na kwenye ncha changa, majani yanajikunja na kunata. Kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, kupulizia jioni chini ya majani, rudia baada ya siku chache, na suuza mboga vizuri kabla ya kupika. Dawa ya kuulia mbu ya kopo isipulizwe kwenye mboga kamwe. Kabla ya kupuliza chochote, mtoto atazame kama wamo wadudu wa duara wenye mgongo mwekundu na madoa meusi. Hao hula vidukari, watoto wao pia, na wakiwepo wengi subirini siku mbili tatu muone kazi yao. Viwavi laini vinaokotwa kwa mkono. Vyenye manyoya visiguswe, vinawasha vibaya.

Maua yapo, tunda halipo

Kwenye maboga na matango hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, kwa sababu mtoto anaweza kuitatua kwa mkono wake. Mmea mmoja hubeba maua dume na maua jike, na dume hutangulia, kwa hiyo maua ya mwanzo kudondoka ni kawaida. Ua jike lina kitunda kidogo nyuma yake, dume limekaa juu ya kikonyo kitupu. Kitunda kikipata njano kikadondoka, nyuki hawakufika. Asubuhi na mapema, kabla maua ya maboga hayajafunga, chumeni ua dume lililofunguka, ondoeni petali, na mtoto apake unga wake katikati ya ua jike. Baada ya siku chache kitunda kitaanza kuvimba.

Nyanya haihitaji hivyo, ua moja lina vyote viwili. Ikiangusha maua miezi ya joto la usiku, kama Januari na Februari pwani, sababu ni joto, na haina dawa zaidi ya kungoja kipupwe. Mmea wenye majani mengi ya kijani kizito bila maua umelishwa samadi kupita kiasi.

Majani yaliyokaushwa yameota ukungu

Tuje kwenye kazi za mikono. Majani na maua ya kubandika kwenye kadi huoza pwani kwa sababu hewa yenyewe ina unyevu. Chumeni saa nne asubuhi umande ukiwa umekauka, panga kati ya magazeti, weka uzito juu, na badilisheni magazeti kila siku kwa siku 3 au 4 za mwanzo. Watu wengi huyapanga siku ya kwanza wakafungua baada ya wiki, na hapo ndipo ukungu huingia. Chagueni pia vitu vyembamba. Bogenvilia ni rahisi kuliko yote kwa kuwa tayari ni kama karatasi, ilhali ua nene kama la mlangilangi hugeuka kahawia mara nyingi.

Rangi imepotea

Kitambaa kilichotiwa rangi kwa manjano, yaani binzari ya jikoni, hufifia juani, na hakuna njia ya nyumbani ya kuizuia vizuri. Kitundikwe kivulini. Kikioshwa kwa sabuni kikawa chekundu, msishtuke: manjano hugeuka nyekundu ikikutana na sabuni, majivu au magadi, na tone la limau huirudisha. Mkishajua hivyo, tatizo limekuwa mchezo. Mtoto achore kwa maji ya magadi juu ya karatasi iliyopakwa manjano. Maji ya choya (rosela) nayo hung'aa wekundu kwa limau na kuelekea buluu au kijani kwa magadi.

Ukili unakatika, au mkeka umeachia nafasi

Ukindu au miyaa, majani yanayosukwa ukili na mikeka, ikikatika mikononi, imekauka mno. Inyunyizieni maji, ifungeni kwenye kitambaa chenye unyevu, na fanyeni kazi asubuhi au jioni. Nafasi zinazojitokeza baada ya siku chache zina sababu nyingine: jani lilisukwa bichi, likakauka likasinyaa. Jani lianikwe kwanza likauke kabisa, kisha lilowanishwe kidogo tu. Kwa mtoto anayejifunza, anzeni na njia tatu, yaani vipande vitatu vya jani, za upana wa kidole. Pangaboi na mpira wa jani la mnazi ni tofauti, hizo husukwa zikiwa mbichi na hazidumu, wala hazikusudiwi kudumu.

Kibuyu kimeoza, kayamba inatoa wadudu

Kibuyu kilichumwa mapema. Kiachwe mpaka kikonyo kikauke, kisha kianikwe mahali pa upepo kikigeuzwageuzwa, wiki nyingi. Ukungu wa juu ufutwe tu. Kikilainika mahali, kimeharibika, kitupwe kwenye mboji.

Vitundu vidogo vya duara kwenye punje za kunde au choroko ndani ya kayamba au chupa ya kuchezea ni wadudu waliotaga tangu ghalani. Kabla ya kujaza, kaangeni punje kavukavu kwenye moto mdogo au zilazeni kwenye friza siku kadhaa, kisha zikauke.

Kuna mbegu ambazo hazifai kabisa, nazo ndizo zinazovutia macho ya watoto: turituri, zile nyekundu zenye doa jeusi, na mbegu za mbarika zenye mistari ya rangi mbili. Zote mbili zina sumu kali. Ganda gumu la turituri huizuia kwa kiasi, lakini ikitobolewa kwa sindano ili itungwe ushanga, au ikitafunwa, kinga hiyo haipo. Mbono kaburi nao usichumwe, na utomvu wa mnyaa usiguse macho. Mtoto akitafuna au kumeza mojawapo ya mbegu hizo, msisubiri dalili, kwa maana zinaweza kuchelewa saa nyingi hata siku nzima. Asilazimishwe kutapika. Apelekwe kituo cha afya mara moja, na mbegu yenyewe au tawi lake libebwe ili mhudumu aione.